Mfumo na mali kauli: maswali ya wenye kampuni ndogo kuhusu kazi zinazojiendesha

Kazi yangu ni hesabu za biashara na kufunga mifumo. Maswali haya nimeulizwa na wenye maduka ya jumla, famasi, karakana na ofisi ndogo za uagizaji, wengi wa Dar es Salaam, wachache wa Nairobi na Mombasa. Sikuyapanga kwa ukubwa. Lile la stoo nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalowalaza watu macho.

Kazi inayojiendesha ndiyo nini? Maroboti?

Hapana. Kwenye kampuni ya watu watano au ishirini, maana yake ni kwamba hatua iliyokuwa inangoja mkono wa mtu sasa inafanyika yenyewe, kwa kuwa hatua iliyotangulia imekamilika. Mteja analipa kwa lipa namba, deni lake linajifuta bila mtu kufungua daftari. Saruji ikishuka chini ya mifuko 40, mnunuzi anapata ujumbe. Tarehe 25 mishahara inajikokotoa pamoja na makato. Juu ya hapo ndipo inapokuja akili mnemba, inayosoma maandishi, picha ya ankara au sauti ya mteja na kukisia kinachotakiwa. Neno "kukisia" nimeliweka kwa makusudi, tutalirudia mbele.

Hayo si mambo ya makampuni makubwa?

Umeshaanza bila kujua. M-Pesa iliingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilianza kwa waliosajiliwa VAT Tanzania mwaka 2010, na kila risiti unayotoa inapeleka taarifa TRA, mamlaka ya kodi, bila wewe kuandika barua. Ambacho huna ni muunganiko. Una simu yenye meseji za malipo, una EFD, una daftari la madeni, una Excel, na una mtu mmoja anayevizungukia vyote usiku. Huyo mtu ndiye mfumo wako. Akilazwa na malaria wiki nzima, kampuni haijui inamdai nani.

Nianze na kazi gani?

Kulinganisha malipo ya simu na mauzo. Nenda dukani kwako saa mbili usiku, mlango wa chuma ukiwa umeshushwa nusu, uangalie. Keshia ameshika simu ya duka kwa mkono wa kushoto, anapandisha meseji kwa kidole gumba, anatiki kwenye daftari kwa peni nyekundu. Anafika kwenye 38,000 iliyoingia kwa jina ambalo halipo kwenye mauzo. Anaita kijana wa stoo: "Nani alichukua kitu cha elfu thelathini na nane?" Kijana anakumbuka kwamba ni yule fundi wa Kimara, amelipiwa na mkewe. Zimeshapita dakika kumi, na bado meseji sitini.

Mfumo ukipokea taarifa ya malipo moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya simu, miamala mingi inajilinganisha kwa kiasi na kumbukumbu namba, na keshia anabaki na ile michache yenye utata. Kwa Kenya njia hiyo ipo wazi tangu 2017 kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Faida yake ya pili watu huisahau: mzigo unatoka kwa kuona pesa kwenye akaunti, siyo kwa kuona meseji kwenye simu ya mteja. Waliowahi kupigwa kwa meseji feki wananielewa.

Tumefunga mfumo wa stoo, huu mwezi wa tatu, na mzigo haukubaliani na kompyuta. Mfumo ni mbovu?

Pengine siyo. Nikiitwa kwenye tatizo hili naanza na vipimo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananunua nondo kwa tani na kuziuza kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kama kilo 10.7, kwa hiyo tani moja hutoa vipande 93 na ushei. Aliyeingiza bidhaa kwenye mfumo aliandika 100, kwa sababu mia ni namba nzuri. Kila tani inayoingia, kompyuta inazalisha nondo sita au saba ambazo hazijawahi kutoka kiwandani. Mwisho wa mwezi zinaonekana zimeibiwa, na kijana wa stoo ndiye anayeulizwa.

Misumari ni vivyo hivyo. Inaingia kwa boksi, inatoka kwa kilo, nusu kilo, na kwa ile konzi ambayo muuzaji anamwongezea mteja wake wa siku zote. Rangi inaingia kwa ndoo ya lita 20, mtu anataka lita mbili tu. Nyaya za umeme zinaingia kwa rola, zinakatwa kwa mita, na kile kipande cha mwisho kisichotosha mtu hakiuziki. Usipoandika kanuni ya kila kimoja kabla ya kuwasha mfumo, otomatiki itakuzalishia makosa kwa kasi ambayo daftari lisingeiweza.

Baada ya vipimo natafuta mlango wa pembeni, na hapo hakuna programu ya dukani inayoweza kukisia, wala hizi za akili mnemba. Kariakoo mteja akiomba kitu usichonacho, humwambii hakuna. Unamtuma kijana kwa jirani, anachukua, mnauza, jioni mnamaliziana. Jirani naye anachukua kwako. Kuna winga aliyemleta mteja, na ana chake juu ya bei. Kuna punguzo la papo hapo, kwa sababu mteja amesimama mlangoni anaondoka. Mambo yote haya ni biashara halali na ndiyo yanayolifanya duka dogo liuze pale ambapo duka kubwa linamwacha mteja aende. Lakini kompyuta inajua kilichoandikwa tu. Katoni iliyotoka kwa jirani inaonekana kama umeuza usichokuwa nacho, stoo inasoma hasi tatu, na mwenye duka anapiga simu kwamba programu imeharibika.

Dawa yake ni kuweka mahali pa mambo hayo ndani ya mfumo. Jirani mfungue kama msambazaji na kama mteja. Winga apate mstari wake wa gharama. Punguzo liwe na kikomo ambacho muuzaji anaweza kukifikia bila kuuliza, na likizidi hapo simu ya bosi iite. Ni kazi ya siku mbili tatu ya kukaa na wauzaji na kuwauliza wanavyouza kweli, siyo wanavyomwambia tajiri kwamba wanauza.

Na mali kauli?

Swali hili ndilo linaloonyesha kama aliyekuuzia mfumo anaijua biashara ya hapa. Mali kauli, yaani mzigo unaotoka kwa neno tu na kulipwa ukishauzwa, haina tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Tarehe ipo kichwani mwa watu wawili. Programu nyingi zinakulazimisha uweke siku 30, na siku ya 31 zinampelekea mteja ujumbe mkali. Nimeona duka moja likimkera mteja wa miaka mingi kwa njia hiyo: alikuwa msibani, na walikuwa wameshakubaliana kwa simu kwamba atalipa akirudi. Alilipa siku aliyorudi, na mzigo uliofuata akauchukua kwingine.

Ushauri wangu ni huu. Kuandika kunajiendesha, kudai hakujiendeshi. Kila mali kauli iingie siku ile ile inapotoka, na mfumo ukupangie kila Jumatatu orodha ya nani ana nini na tangu lini. Ujumbe au simu ya kumkumbusha mteja aipige mtu anayemjua. Ukifika wateja mia tatu utagawa: wadogo wakumbushwe na mashine kwa lugha ya upole, wakubwa wabaki na wewe.

Excel haitoshi?

Kwa duka la bidhaa mia na muuzaji mmoja, inatosha kabisa, na mwenye kukuambia vinginevyo anauza kitu. Inaanza kuumiza pale watu wawili wanapohitaji kuandika kwa wakati mmoja, na pale faili linapoanza kuitwa "stoo_mpya_mwisho_2". Uingereza, Oktoba 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani ambao mistari yake inaishia 65,536. Iliyozidi ilikatwa kimya kimya. Hutafika mistari hiyo leo wala kesho, ila huo ukimya ndio wa kuogopa.

Nikifunga mfumo nipunguze wafanyakazi?

Wengi huniuliza hili kwa sauti ya chini, baada ya keshia kutoka nje.

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kwenye kampuni ndogo hakuna mtu anayefanya kazi moja. Dada anayelinganisha miamala ndiye anayepokea wageni, anayejua funguo za stoo zilipo, na anayejua mteja gani hupenda kuitwa mzee. Mfumo unamwondolea saa mbili za usiku, haumwondoi yeye. Ukimfukuza unagundua zile kazi nyingine sita ambazo hukuwahi kumlipia. Pale ambapo nimeona faida halisi, mwenye biashara alizitumia saa zile: keshia akaanza kupiga simu kwa wateja waliopotea, karani akapewa kufuatilia bei za wasambazaji.

Jibu la pili ni la sheria, na halina huruma kwa asiyelijua. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka utoe taarifa na ushauriane na wafanyakazi kabla ya kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji, na mashine mpya ni mojawapo ya sababu hizo. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi, hadi miaka 10. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya mwezi, afisa wa kazi naye aarifiwe, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili. "Mfumo umekuja, kesho usije" ni njia ya moja kwa moja ya kwenda CMA, tume ya Tanzania inayoamua migogoro ya kazi.

Kazi zinazopungua kweli ni zile ambazo hazikuajiriwa bado. Kampuni inakua, na mahali pa kuchukua makarani wawili inachukua mmoja. Hilo halionekani kwenye karatasi yoyote, na vijana wanaomaliza vyuo vya uhasibu wanalisikia kabla ya wote.

Wauzaji wanaukwepa mfumo. Nifanyeje?

Uliza kwanza shoti inalipwa na nani. Kama pesa ikipungua unakata mshahara wa keshia, na mfumo mpya una nondo hewa kama zile za juu, kila mwenye akili ataukwepa. Simamisha makato miezi miwili ya mwanzo, tafuteni makosa pamoja. Na muuzaji asilazimike kubonyeza mara tisa kuuza mfuko mmoja wa saruji huku foleni ipo.

Mfumo wa mauzo unaweza kutoa wenyewe risiti za TRA, au za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya?

Ndiyo. TRA ina VFD, ambayo ni EFD isiyo na kile kimashine, inayokaa ndani ya programu yako ya mauzo. Kenya wana eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na tangu Januari 1, 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida hayakubaliki kupunguza kodi, isipokuwa yale yaliyosamehewa. Matokeo yake ni kwamba wateja wako wenye kampuni wanakudai ankara hata kama wewe ni mdogo.

Tahadhari ni moja. Mauzo yakishatoka yenyewe kwenda mamlaka ya kodi, kosa la muuzaji nalo limetoka. Aliyeandika 1,800,000 badala ya 180,000 hawezi kulifuta kwa kalamu, kuna utaratibu wake. Weka kizuizi: kiasi kikizidi mauzo ya kawaida ya bidhaa hiyo, mfumo uulize tena kabla ya kutuma.

Mishahara je?

Hapa otomatiki inalipa haraka, hasa kwa sababu viwango haviishi kubadilika. Chukua Kenya peke yake: tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ilianza 2023, ikasimamishwa Januari 2024 na mahakama, ikarudi Machi. Oktoba mwaka huo huo NHIF, makato ya bima ya afya, ikaondoka, ikaja SHIF ya asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Mwenye jedwali alilotengenezewa na shemeji yake mwaka 2019 alikuwa na kazi. Kabla ya kununua programu ya mishahara, muulize muuzaji swali moja: sheria ikibadilika, nani anabadilisha kiwango, kwa siku ngapi, na ananitoza?

Akili mnemba ijibu wateja wangu WhatsApp?

Mambo ya saa za kufungua, mahali mlipo na kama oda imetoka, sawa. Tena kwa hayo huhitaji akili mnemba: programu ya bure ya WhatsApp Business ina majibu ya haraka na ujumbe wa kukaribisha.

Bei, punguzo na ahadi ya kurudisha pesa, usiiachie. Februari 2024 baraza la madai madogo la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi ya nauli ya msiba na roboti ya tovuti yao. Kampuni ilijaribu kusema roboti inajibeba yenyewe, baraza likakataa. Kilichoandikwa kwenye namba yako umesema wewe.

Halafu kuna lugha. Hizi programu zinajua Kiswahili cha taarifa ya habari vizuri kuliko cha kaunta. Mteja akiandika "boss ile cement ya juzi bado ipo kwa ile ile au imepaa", mtu wako anajua cement gani, juzi ipi na bei ipi. Mashine itakisia, na itakisia kwa kujiamini. Ifundishe kusema "subiri nikuunganishe na muuzaji" mapema kuliko unavyodhani inahitajika.

Umeme ukikatika au mtandao ukilala?

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ya Tanzania na majirani ikazorota vibaya. Maduka yenye mfumo uliokaa wote mtandaoni yalirudi kwenye daftari, yenye programu inayohifadhi kwenye kifaa na kutuma baadaye yaliendelea kuuza. Kabla ya kulipia chochote, mwambie anayekuuzia mfumo azime data mbele yako, auze bidhaa tatu, awashe tena. Akianza kueleza badala ya kuzima, umeshapata jibu. Na daftari la karatasi libaki kwenye droo, na peni yake.

Majina na namba za wateja nazo zina sheria?

Zina. Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na wanaokusanya taarifa wanatakiwa kujisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo. Kenya wana yao ya 2019. Mfumo wako ukianza kuamua wenyewe nani apewe mkopo wa bidhaa na nani anyimwe, sheria hizo zinampa mteja haki ya kuhoji, kwa hiyo awepo mtu anayeweza kueleza.

Nani ashike nywila?

Wewe, tajiri, kwenye namba yako na barua pepe yako. Nasema hivi kwa uchungu: miaka ya mwanzo niliacha mfumo wa mteja wangu ukiwa umesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyetusaidia kuingiza bidhaa. Kijana akapata kazi mkoani, simu ikabadilika. Tulikaa siku kumi na moja tukiwaomba wenye programu waamini kwamba duka ni la mwenye duka. Kosa lilikuwa langu, na mteja alilijua.

Gharama halisi ni ipi?

Ada ya mwezi ndiyo ndogo. Kubwa ni kuhesabu mzigo wote upya, kuusafisha (saruji ile ile imeandikwa majina manne), kufundisha watu, na miezi miwili ya kuendesha daftari na kompyuta kwa pamoja. Kama ada ni ya dola, angalia shilingi ilivyokuwa mwaka jana na ilivyo leo. Na uulize kabla ya kuingia: nikitaka kuhama, taarifa zangu natoka nazo kwa muundo gani?

Nitajuaje kama umesaidia?

Andika mambo matatu leo, kabla ya kufunga kitu: mnamaliza hesabu saa ngapi usiku, bidhaa ngapi kati ya ishirini ulizozichagua bila mpango zinakubaliana na rafu, na unadai shilingi ngapi ambazo hukumbuki za nani. Yaandike kwenye karatasi uibandike nyuma ya mlango wa stoo. Baada ya miezi sita yapime tena, bidhaa nyingine ishirini, na anayehesabu asiwe yule aliyekuuzia mfumo. Asiwe mimi pia.